Mtoko wa mchana Mafia: Saa mbili za baba na mama kabla ya Magharibi

Mwezi umeandama juzi tu. Saa 12 asubuhi Baba Asha anafika nyumbani kwake upande wa Utende, kisiwani Mafia, akitokea Kilindoni ambako usiku kucha alikuwa kwenye boti ya dagaa. Anakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, anauliza kama Asha amekwenda shule, kisha analala. Saa tatu Mama Asha anampeleka mtoto mdogo kwa bibi, anafunga kanga vizuri, anachukua ndoo na chuma cha kuchokolea pweza na kushuka pwani, maana maji yanakupwa. Anarudi saa sita akiwa amelowa hadi kiunoni. Saa tisa mume anaamka. Saa 11 jioni anaondoka tena kuiwahi boti.

Siku nzima wamezungumza mambo manne: unga umekwisha, sare ya Asha imechanika, simu haina chaji, na mtoto mdogo amekohoa usiku.

Wanandoa hawa ni wa mfano, na majina yao ni ya mfano. Ratiba yao, hata hivyo, inafahamika katika nyumba nyingi za pwani, na kwa namna nyingine inafahamika hata kwa mlinzi wa usiku wa Dar es Salaam aliyeoa muuza mboga wa alfajiri. Wanalala chini ya paa moja, wanalea watoto watatu, na bado wiki inapita bila kukaa pamoja wakiwa macho, bila mtoto mgongoni na bila kazi mkononi.

Ndiyo maana ushauri wa "mtoeni mwenzi wako" huwapita watu wengi. Mitoko inayoonyeshwa mitandaoni ni chakula cha usiku hotelini, taa za rangi na gauni jipya. Mzazi wa Utende anasoma, anacheka, anaweka simu chini. Usiku mume yuko baharini. Asipokuwa baharini, watoto wapo. Na hoteli zilizo jirani zimejengwa kwa ajili ya watalii.

Lakini mtoko si lazima uwe wa usiku, wala hauhitaji hoteli. Mafia, na miji mingi ya pwani, mchana una saa mbili nzuri ambazo hazina gharama kubwa. Kazi iliyopo ni kuzitafuta na kuzilinda.

Angalieni mwezi kwanza, kisha mfuko

Mtu wa bara hupanga mtoko kwa kalenda ya ukutani: Jumamosi, mwisho wa mwezi, siku ya mshahara. Kwa familia inayokula kutokana na bahari, kalenda inayotawala nyumba ni mwezi wa angani.

Wavuvi wa dagaa hutumia taa kuwavuta samaki usiku, kwa hiyo kazi yao inashamiri wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu, na boti nyingi hupumzika kwa siku kadhaa. Hapo ndipo mume wa dagaa anaonekana nyumbani, anatengeneza nyavu, anacheza bao, anadaiwa kutengeneza mlango wa banda la kuku.

Tatizo ni kwamba siku hizo za mwezi mpevu ni siku za bamvua pia. Maji hutoka mbali sana, mwamba unabaki wazi, na hapo ndipo wanawake wanaotafuta pweza na wanaolima mwani wanapofanya kazi zaidi. Siku za mapumziko za baba zinaangukia siku za kazi za mama. Hakuna aliyekosea hapo, ila wasipokaa chini na kulitazama jambo hili, kila mmoja hubaki akiamini kwamba mwenzake ndiye hana muda naye.

Sasa tazameni saa. Katika pwani hii, siku za mwezi mpevu na mwezi kuandama, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Maana yake ni kwamba mama wa pweza ana kazi asubuhi, lakini alasiri bahari yenyewe imefunga duka. Mwamba umezama, hakuna wa kuchokoa. Baba naye hana safari, kwa sababu usiku huo kuna mbalamwezi.

Alasiri hizo tatu au nne katikati ya mwezi ndizo zenu. Wekeni alama mapema, kama mnavyoweka alama siku ya kliniki ya mtoto.

Anayevua kwa mshipi au madema, anayefundisha shule, anayeuza duka Kilindoni au anayeendesha bodaboda atakuwa na kalenda nyingine. Kanuni ni ileile: andikeni kazi za wote wawili kwenye karatasi moja, siku kwa siku, na mtafute pale zinapoachana. Wengi watashangaa kwamba nafasi ipo, ila siku zote imekuwa ikiliwa na usingizi, simu na wageni.

Kati ya Alasiri na Magharibi

Kuna sababu nyingine tatu za kuchagua muda huu.

Ya kwanza ni watoto. Wengi wao baada ya shule huenda chuoni kusoma Kurani na kurudi jioni. Mzazi tayari ana saa moja au zaidi ambayo watoto wake wako mikononi mwa mwalimu, bila malipo mapya.

Ya pili ni jua. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri watu wapunguze kukaa juani kati ya saa nne asubuhi na saa 10 jioni, wakati mionzi inapokuwa mikali. Anayeondoka nyumbani baada ya swala ya Alasiri, anatembea jua likiwa linalegea, na bado ana mwanga wa kutosha kabla ya Magharibi. Bebeni chupa ya maji hata kama mna hela ya madafu. Na mkitafuta kivuli, msikae chini ya mnazi wenye nazi zilizokauka. Mafia ina minazi mingi, na nazi haichagui wapendanao.

Ya tatu ni macho ya watu. Pwani, mume na mke kutembea wakiwa wawili saa za mchana si jambo la aibu, lakini halizoeleki, na lisilozoeleka huulizwa. "Mna msiba?" "Mnakwenda hospitali?" Wapo wanandoa wanaokatisha mtoko kwa sababu ya swali hilo tu. Dawa ya kwanza ni kuwa na jibu fupi: "Tunanyoosha miguu." Dawa ya pili ni kubeba shughuli ndogo, kama kikapu cha kununulia nazi wakati wa kurudi. Mara ya tatu hakuna atakayeuliza, na huenda jirani naye akaanza.

Watoto wabaki na nani?

Hapa ndipo mitoko mingi hufia. Mtoto wa chini ya miezi sita anapaswa kunyonya maziwa ya mama tu, bila hata maji, kwa hiyo huyo msimwache kwa muda mrefu. Nendeni naye. Mtoto mchanga aliyelala kifuani hazuii mazungumzo. Aliyezidi miezi sita anaweza kubaki na bibi au shangazi, akiwa amenyonya kabla hamjaondoka na ameachiwa uji wake kwenye chombo safi chenye kifuniko.

Msimwachie mtoto wa miaka saba au minane kazi ya kulinda mdogo wake karibu na kisima, jiko au bahari. Hata saa moja ni nyingi.

Wasio na bibi karibu wafanye zamu na jirani. Jumanne hii ninyi mnakaa na watoto wa Mama Saidi, wiki ijayo yeye anakaa na wenu. Makubaliano ya aina hiyo hudumu yakiheshimiwa pande zote. Anayesema "tunarudi saa 12" na kurudi saa mbili usiku hatapata zamu ya pili.

Na bibi asichukuliwe kama samani ya nyumba. Mwambieni mapema, msimvamie, na mumrudie na kitu mkononi. Katika bajeti ya mtoko, fungu lake liwemo.

Bajeti ya Sh10,000

Bei hubadilika kwa msimu na kwa mahali, kwa hiyo hesabu hii ni ya mfano, kila nyumba iweke bei za mtaa wake. Baba Asha na Mama Asha wamejipangia Sh10,000:

Mashua ya kwenda na kurudi Chole, watu wawili: Sh4,000
Madafu mawili: Sh2,000
Vitumbua: Sh1,000
Karanga: Sh500
Sukari ya bibi: Sh2,500

Mwezi wa mbalamwezi hadi mbalamwezi ni kama siku 29 au 30. Wakiweka Sh350 kila siku kwenye kopo, fedha hiyo inatimia na chenji kidogo inabaki. Wanaweza kugawana: siku moja anaweka yeye, siku nyingine mwenzake. Kopo hilo lisikopwe kwa ajili ya vocha.

Na mwezi ambao kopo ni tupu, mtoko haufi. Chupa ya chai ya tangawizi kutoka nyumbani, vipande vya muhogo, na miguu yenu miwili miwili. WHO inataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutembea kwa kasi nusu saa kwenda na nusu saa kurudi mkiwa pamoja ni dakika 60 kati ya hizo, na hakuna aliyelipia.

Kilicho ghali ni kujificha nyuma ya fedha. Kuna baba husema "tutatoka nikipata" kwa miaka sita mfululizo. Amepata na kukosa mara nyingi katika miaka hiyo, na hawajatoka.

Pa kwenda

Wakazi wa upande wa Utende wana bahati ya Chole. Mashua huvuka kwa muda mfupi, na alasiri ya bamvua ghuba linakuwa limejaa, hakuna kutembea kwenye tope kufuata chombo. Chole ndiko Wajerumani walikoweka makao yao ya utawala Mafia kabla ya kuyahamishia Kilindoni mwaka 1913. Majengo ya zamani yamebaki magofu, mizizi ya miti imekumbatia kuta hadi huwezi kujua kipi kinashikilia kingine. Juu ya miti mikubwa ya kisiwa hicho wananing'inia popo wakubwa wala matunda, ambao mchana husikika wakigombana kama abiria wa daladala. Watazameni kwa mbali, msiwaguse walioanguka, na msile tunda lenye alama za meno yao.

Kabla ya kupanda mashua, ombeni majaketi okozi na mhakikishe chombo hakijajaza kupita kiasi. Mpange kurudi kabla ya giza. Siku za upepo mkali wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bahari ikichafuka ahirisheni kuvuka na mtembee ufukweni. Ndani ya Hifadhi ya Bahari, ambayo ilitangazwa mwaka 1995, wageni hulipa kiingilio, hivyo asiye mkazi aulize kwanza getini.

Kwa wa Kilindoni, ufukwe ulio chini ya mji unatosha. Asubuhi pale ni soko na kelele, alasiri panatulia kidogo, na jua linazama upande wa bara, juu ya maji, mbele yenu kabisa. Kuanzia Oktoba hadi Machi ni msimu wa papa potwe katika maji ya upande huo. Safari ya kitalii ya kuwatazama haiingii kwenye Sh10,000, lakini baba mvuvi aliyewahi kukutana naye akivua ana hadithi ya bure, na huenda mke wake hajawahi kuisikia yote.

Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kule Bweni kaskazini, ni mbali kwa bodaboda ya alasiri. Huo uwekeni akiba ya siku nzima, pengine baada ya Idi.

Anayesoma akiwa Dar es Salaam anaweza kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, nauli yake haifiki bei ya soda mbili. Aliye Tanga ana Raskazone. Aliye Mombasa ana bustani ya Mama Ngina mbele ya bahari. Popote ulipo, chagueni mahali panapofikika chini ya nusu saa. Mtoko wa saa mbili wenye safari ya saa moja na nusu ni mateso.

Kwa nini si kukaa barazani tu?

Ni swali la haki. Baraza lipo, upepo upo, kwa nini wavuke maji?

Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Aron na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanandoa. Katika sehemu ya majaribio yao, wanandoa walifungwa pamoja mkono na mguu, kisha wakatakiwa kutambaa juu ya mikeka na kuvuka kizuizi huku wakibeba mto bila kuushika kwa mikono wala meno. Lilichukua dakika chache na liliwachekesha. Wenzao walipewa kazi ya kawaida isiyochangamsha. Walipopimwa baadaye, waliofanya jambo jipya pamoja waliuona uhusiano wao kuwa mzuri zaidi kuliko waliofanya la kawaida.

Hakuna haja ya kufungana kamba Utende. Somo ni kwamba jambo dogo jipya linalofanywa na wawili lina nguvu yake. Barazani kila mmoja anajua nafasi yake: huyu ndiye anayeulizwa chumvi iko wapi, yule ndiye anayeitwa na jirani kusaidia kushusha gunia. Mkivuka maji mnaacha majukumu hayo ng'ambo. Mama anayeogopa kupanda mashua na baba anayemshika mkono wamefanya jambo ambalo baraza haliwezi kuwapa.

Simu ziwe mfukoni, sauti ikiwa wazi kwa ajili ya bibi pekee. Picha moja inatosha.

Yanayosemwa huko

Saa ya kwanza msizungumze ada, unga wala madeni. Hayo yana usiku wake. Ulizaneni mambo ambayo mmeacha kuulizana: siku hizi unaota nini, nani anakuudhi kazini, ungekuwa na siku moja ya peke yako ungefanya nini. Wengine hukaa kimya nusu saa nzima mara ya kwanza. Msiogope, kimya cha watu wawili wanaotazama maji ni tofauti na kimya cha kununiana.

Kisha, kama kuna jambo zito, saa ya pili ndiyo yake. Na hapa ndipo mtoko unapoacha kuwa anasa.

Mama Asha ana jambo. Mtoto wao mdogo ana miezi 10. Mama wa mume ameshaanza kutaja mjukuu mwingine. Mama Asha mwili haujarudi, anachoka mapema mwambani, na kwa wiki mbili amekuwa akipanga kwenda kituo cha afya kuchoma sindano ya uzazi wa mpango bila kumwambia mtu. Kila akitaka kusema, mume amelala, au watoto wapo, au boti inaondoka.

Wamekaa kwenye ukuta wa gofu Chole, karanga zimebaki kidogo. Maji yamejaa.

"Baba Asha, nataka kukwambia neno, usinikatishe."

"Sema, mke wangu."

"Sitaki kubeba mimba sasa. Nataka kupumzika. Nilitaka kwenda kliniki peke yangu, kimyakimya, nikaona haitakuwa vizuri."

Baba Asha anatazama juu kwenye popo kwa muda mrefu. Inaonekana maneno "peke yangu, kimyakimya" ndiyo yaliyomgusa kuliko mengine yote.

"Kwa nini kimyakimya?"

"Ungesema saa ngapi nikwambie?"

Hana jibu la hilo. Anachukua karanga moja, hali.

"Na mama je? Utamwambia nini?"

"Mama yako ni wako. Utamwambia wewe."

Anacheka bila kutaka. Hawamalizi jambo siku hiyo. Anasema amesikia sindano inaharibu kizazi, naye mkewe anasema ndiyo maana yafaa wakaulize. Wanakubaliana kitu kimoja tu: siku ya kumpima mtoto uzito mwezi ujao watakwenda wote wawili, na mume ndiye atakayemuuliza muuguzi maswali yake mwenyewe.

Hofu ya Baba Asha ni ya watu wengi, na mahali pa kuipeleka ni kliniki. Baada ya sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, kisha hurudi. Kijiti na kitanzi vikitolewa, hurudi mapema zaidi. WHO inashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, kwa afya yake na ya mtoto. Huduma za uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, na mtoa huduma ana wajibu wa kueleza njia zote ili mteja achague. Mama ana haki ya kwenda peke yake. Lakini nyumba ambayo jambo kama hilo linasemwa kwa uwazi inabeba mzigo mwepesi kuliko ile inayolificha chini ya godoro.

Kwa nyumba nyingine jambo litakuwa tofauti. Baba anayeumwa kichwa mara kwa mara na hajawahi kupima shinikizo la damu. Mama aliyegusa uvimbe kwenye titi na anaogopa kuusema. Mtoto wa kwanza aliyeanza kukimbia shule. Haya hayasemwi mlangoni mtu akivaa viatu. Yanahitaji mahali ambapo hakuna anayeita "mama!" kila dakika mbili.

Mtoko usichobeba

Msiutwike mtoko mizigo yote. Mwenzi asiviziwe kwa orodha ya makosa 12 aliyofanya tangu harusi. Jambo zito liwe moja. Likipandisha hasira, lisimamisheni na mrudi kwenye madafu, kuna mbalamwezi nyingine.

Na mtoko si dawa ya kipigo. Anayepigwa, kutishwa au kulazimishwa nyumbani hahitaji vitumbua ufukweni, anahitaji usalama. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ipo kwa ajili hiyo.

Ikitokea mvua ya masika, mgonjwa, au mgeni wa ghafla, ahirisheni kwa kutaja siku nyingine palepale. "Tutaangalia" haina tarehe, na mitoko isiyo na tarehe ndiyo inayokufa.

Anzeni hivi

Leo usiku, tokeni nje mtazame mwezi uko wapi. Hesabuni siku zilizobaki hadi uwe mpevu. Chagueni alasiri moja, mwambieni bibi au jirani, tafuteni kopo lenye kifuniko na mtumbukize Sh350 ya kwanza.

Baba Asha na Mama Asha walirudi na mashua ya mwisho, muadhini akijiandaa. Bibi alipokea sukari yake, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mlikwenda wapi muda wote huo?"

"Tulinyoosha miguu, mama," akasema mwanawe. "Na mwezi ujao tutanyoosha tena. Halafu kuna neno nataka kukwambia."